Mwambieni baba wakati bado anaweza kujibu

Safu ya Mama Muuguzi. Wasomaji wanauliza, anajibu muuguzi mstaafu wa Dodoma aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika wodi za upasuaji.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma mjini, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yetu ana miaka 63, ni mkulima wa zabibu Hombolo. Baada ya mavuno ya mwezi wa tatu alianza kuumwa kichwa kila alfajiri na kutapika, jua likipanda anapata nafuu. Alitibiwa malaria, halafu taifodi, kichwa kikaendelea. Kisha tabia ikabadilika. Baba ambaye hajawahi kumgombeza mtu mbele za watu akaanza kumtukana mama. Akapotea njia ndani ya shamba lake mwenyewe. Siku moja akavaa kitenge cha mama begani akaenda nacho mnadani. Majirani wakasema akili imeruka, apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba mdogo akasema amechezewa na mtu wanayegombea naye mpaka wa shamba.

Mwezi uliopita alianguka kifafa mbele ya duka. Ndipo akapigwa picha za ndani ya kichwa, CT-Scan, baadaye MRI. Daktari ametuambia ana uvimbe kwenye ubongo, upande wa mbele kushoto, na kwa jinsi unavyoonekana anahofia ni ile aina inayokua haraka. Ametupa rufaa kwenda MOI, taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, afanyiwe upasuaji na uvimbe upimwe.

Baba hajui. Tumemwambia ana presha ya kichwa. Mama ametuapisha tusimwambie, anasema atauawa na mawazo kabla ya ugonjwa. Baba mdogo hataki afunguliwe kichwa, ameshapata mganga huko Manyoni. Mimi na mama ndio tunaomuuguza. Juzi aliniita mwizi, akasema nimekula pesa zake za zabibu, mbele ya wanangu. Nilitoka nje nikalia. Mama, tumwambie au tunyamaze? Na je, ugonjwa huu unarithiwa? Siku hizi kichwa kikiniuma kidogo nashtuka.

Mwalimu, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole wewe, pole mama, poleni nyumba nzima. Barua yako nimeirudia mara mbili, na nitaanza na swali lako la kwanza kwa sababu ndilo lenye haraka. Mwambieni. Mwambieni baba wiki hii hii, kabla hamjapanda treni ya Dar es Salaam.

Kiapo cha mama nakielewa, na nisingependa umwone mama kuwa mkaidi. Anamlinda mumewe kwa njia anayoijua. Yapo magonjwa yanayompa mtu muda. Familia inajivuta mwezi, miwili, na mgonjwa bado anakuja kusema lake akiwa na akili zake. Uvimbe wa ubongo hauna subira hiyo. Wa mbele upande wa kushoto umekaa jirani na mahali ambapo, kwa watu walio wengi, ubongo unatengenezea maneno. Baba aliyekuita mwizi juzi ni baba ambaye bado anaongea. Uvimbe ukizidi anaweza kujua vizuri anachotaka kusema na mdomo usikitoe. Mkimwambia siku hiyo, mtakuwa mmemwambia mtu asiyeweza kuwajibu.

Haya nimeyaona wodini. Aliletwa mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Bahi, uvimbe wake kama wa baba yako. Wanawe walituomba wauguzi tuseme ni malaria iliyopanda kichwani. Mzee mwenyewe alikuwa ameshaelewa. Usiku mmoja namwekea dripu akaniuliza kwa Kigogo kama kuna mtu anayetoka kwenye chumba kile kwa miguu yake. Nikamwambia asubuhi nitamwita daktari na wanawe wakae naye. Asubuhi wanawe wakakataa, wakasema tumsubiri kaka mkubwa aje kutoka Mwanza. Kaka mkubwa alipofika, baba hana neno hata moja.

Sasa unajua desturi yetu Wagogo: ng'ombe hawakai wote zizi moja, mtu anawagawa kwa rafiki zake vijiji tofauti, ili ukame au ugonjwa ukipita usiwamalize. Yule mzee alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo, na walikokuwa anakujua yeye. Alimtazama kaka mkubwa, akainua vidole vitatu, akapiga godoro kwa kiganja. Vidole vitatu, kisha godoro. Wanawe wakataja majina ya watu, wakataja vijiji kimoja kimoja, yeye anatikisa kichwa na machozi yanamtoka. Akafariki hivyo. Kama ni ng'ombe watatu, au watu watatu, au vijiji vitatu, hakuna aliyejua.

Kwa hiyo nikikwambia wiki hii, nina maana ya wiki hii.

Chagueni asubuhi, baba akishakunywa chai na dawa, kichwa kimetulia. Muwe wachache: mama, wewe, na mdogo wako mmoja wa kiume. Baba mdogo ataambiwa baadaye. Redio izimwe, watoto wacheze nje. Anza kwa kumuuliza yeye: "Baba, wewe mwenyewe unaonaje hali yako?" Mtu aliyeanguka mbele ya duka na kuingizwa kwenye mashine ya MRI ameshajiuliza mengi, neno presha halimtoshi. Akishajibu, mweleze kwa sentensi fupi, moja moja, ukimpa nafasi kila mara. Picha imeonyesha uvimbe ndani ya ubongo. Huo ndio unaoleta kichwa, hasira na kuanguka. Madaktari wa Dar es Salaam wanataka kuutoa kadiri watakavyoweza na kuupima. Bado haijulikani ni wa aina gani. Hapo nyamaza. Akiuliza kama atapona, usiahidi. Sema hamjui, na kwamba mko naye. Akigeuza mazungumzo akaanza habari za kupogolea mizabibu, mwacheni ageuze, ameshasikia. Na inawezekana kesho akawa amesahau, maana uvimbe wa sehemu ile unagusa kumbukumbu. Mtamwambia tena kwa maneno yale yale, bila kumtupia kwamba mlishamwambia jana.

Mama akishindwa kabisa kukaa kwenye kikao hicho, mwombeni daktari aseme yeye mbele yenu. Mama wengi waliokataa katakata nimewaona wakishusha pumzi daktari alipomaliza, kwa sababu kumbe na wao walikuwa wamechoka kubeba peke yao.

Mkishamwambia, sasa muulizeni. Anataka upasuaji? Maadamu anaelewa anachoelezwa, fomu ya ridhaa ni ya kwake kutia sahihi au dole gumba. Baba mdogo hana kura hapo. Akishindwa kuongea, anataka nani amsemee? Anadai nani, anadaiwa nini na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima? Huo mpaka wa shamba unaogombewa unapita kwenye minyaa ipi, na ni wazee gani walikuwepo ulipowekwa? Pesa zilizo kwenye simu, namba ya siri anataka kumwachia nani? Akipenda kuandika wosia, ufanyike siku ambayo amelala vizuri na hajaanguka, mashahidi wawepo wa ukoo na wasio wa ukoo, na mwombeni daktari aandike siku hiyo hiyo kwamba amemwona na ana akili timamu. Kwa mgonjwa wa ubongo karatasi hiyo ya daktari ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kitakachopingwa na atakayeona amenyimwa. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika na kutunza wosia, si lazima ubaki ndani ya sanduku la mama.

Habari ya kufungua kichwa. Huku kwetu watu wanaamini saratani ikiguswa na kisu inasambaa, na naona baba mdogo ameshika hilo. Mwelezeni hivi. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Uvimbe unapokua, na maji yanayojaa kuuzunguka, ubongo unabanwa, ndiyo maana ya kile kichwa cha alfajiri na kutapika. Kupunguza uvimbe kunapunguza kubanwa. La pili, MRI peke yake haiwezi kuapa kwamba huu ni uvimbe wa aina fulani. Kifua kikuu kinaweza kufanya uvimbe ndani ya ubongo. Minyoo ya tegu, hasa maeneo wanakofuga nguruwe, inaweza kuweka vifuko ubongoni na kuleta kifafa. Saratani ya mapafu inaweza kutuma mbegu huko. Kila kimoja kina tiba yake, na kinachotenganisha ni kile kinyama kinachochukuliwa na kupelekwa maabara. Upasuaji una hatari zake pia: kuvuja damu, maambukizi, mkono au mguu kuwa dhaifu, maneno kupotea. Mkifika MOI mwulizeni daktari bingwa bila woga, kwa baba huyu, na uvimbe ulipokaa, anaogopa nini zaidi.

Ikithibitika kuwa ni ile aina inayokua haraka, inayoitwa glioblastoma, nataka ujue ukweli kabla ya kuusikia ukiwa umesimama koridoni. Baada ya upasuaji hufuata tiba ya mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi. Wagonjwa wengi wakipata yote hayo huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wachache sana huvuka miaka mitano. Hakuna daktari anayeweza kukuambia baba yako yuko fungu lipi, lakini kwa muda wa namna hiyo mtu anapanga mambo yake tofauti na mtu aliyeambiwa ana presha.

Dawa za nyumbani. Nadhani amepewa deksamethasoni na dawa ya kuzuia kifafa. Deksamethasoni inapunguza maji yanayozunguka uvimbe, ndiyo maana mara nyingi mgonjwa anachangamka ndani ya siku chache na watu wakadhani amepona. Mpeni asubuhi na mchana kama daktari alivyoandika, ameshakula, maana akiimeza usiku hatalala na nyumba nzima haitalala. Itampa njaa kali. Inaweza kupandisha sukari, kwa hiyo mkiona anakunywa maji mno na kwenda haja ndogo kila saa, apimwe. Inaweza pia kumwongezea ukali na wasiwasi. Na kamwe msiikatishe ghafla, hata kama mganga wa Manyoni au mtumishi wa maombi amesema dawa za hospitali ziwekwe pembeni. Mwili unaizoea, na daktari huipunguza kidogo kidogo. Ikikatishwa kwa mara moja mtu anaweza kuzidiwa akapoteza fahamu.

Akianguka tena: mlaze ubavu, ondoa mawe na vigoda vilivyo karibu, legeza shingo ya shati, mshikilie kichwa kisigonge chini. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Msimbane mikono. Udenda wake hauambukizi, mgusane naye bila hofu. Tazama saa, ikipita dakika 5 hajatulia, au akianza tena kabla hajazinduka, tafuteni gari mara moja. Na kuanzia sasa asiendeshe pikipiki, asichote maji kisimani peke yake, asiachwe peke yake karibu na mafiga. Mlango wa bafu usifungwe kwa ndani.

Sasa yale matusi. Hapa nataka nikae kidogo, maana naona ndipo palipokuumiza, na watu watakujibu haraka haraka kwamba huyo si baba, ni ugonjwa, halafu waondoke. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuzuia kusema kila kinachotujia, kukasirika kupita kiasi, kuvaa nguo ya mtu mwingine na kwenda nayo mnadani. Kwa baba hiyo breki imelegea. Hofu ya kuibiwa inatoka kwake kweli, ameuza zabibu na hakumbuki pesa ameweka wapi, na anayemwona karibu ni wewe. Kujua hivyo hakukuondolei uchungu. Ulilia, na ulikuwa na haki ya kulia.

Mnapofikia hapo usibishane naye. Usimletee daftari la mahesabu kumthibitishia. Mwambie, "Baba, tutazitafuta," umpe kitu cha kushika, chai, redio, kisha utoke, aingie mwingine. Wanao waeleze jioni ile ile: babu ana uvimbe kichwani unaomfanya aseme asiyoyataka, na mama hajaiba kitu. Watoto wasipoelezwa wanabaki na lile neno. Andika pia kwenye daftari ni saa ngapi anachafuka na amekula dawa saa ngapi, umpelekee daktari, kwa sababu nyingine ni ya dawa na kipimo kinaweza kurekebishwa. Na saa nzuri zipo. Zikija, kaeni naye, mchukue simu mumrekodi akiwaeleza wajukuu jinsi alivyopanda mzabibu wa kwanza. Sauti yake mtaitaka baadaye.

Neno kwa wadogo zako wa kiume. Umeniandikia kwamba wewe na mama ndio mnamuuguza. Kuna kazi ambazo binti hapaswi kumfanyia baba yake kwa mila zetu, na baba mwenyewe, hata akili ikiyumba, aibu anaisikia. Kumwogesha, kumbadilisha nguo, kumpeleka chooni ni zamu ya wanawe wa kiume na wajukuu wakubwa. Wasitume pesa tu kwa simu. Yule wa karibu aje Ijumaa alale hadi Jumapili, mama apate usingizi wa usiku mzima. Mama akianguka mtakuwa na wagonjwa wawili.

Kwa baba mdogo, usimwendee kwa vita. Mpe kazi: awe msimamizi wa shamba baba akiwa Dar es Salaam, ahakikishe mizabibu inamwagiliwa na mavuno ya mwezi wa nane hayapotei. Mtu mwenye jukumu hana muda mwingi wa kuzunguka na waganga. Akisisitiza dawa ya mitishamba, mwambie jambo moja tu, kwamba baadhi ya miti inagongana na dawa za kifafa na baba anaweza kuanguka mfululizo. Maombi hayagongani na dawa yoyote, amwombee kila siku.

Pesa na safari. Wewe ni mtumishi wa umma, kadi yako ya bima ya afya ya NHIF inakuruhusu kuingiza wategemezi, na wazazi wamo. Kama baba hayumo, uliza leo. Kama yumo, kabla ya kusafiri pita dirisha la bima uulize ni huduma zipi zinahitaji kibali, ukipate mapema. Wasomaji wengine ambao hawana bima: kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatambuliwa kwenye sera ya afya. Nendeni na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, msisubiri deni lijae.

Treni ya SGR, inayofika Dodoma tangu mwaka 2024, imewarahisishia sana wagonjwa wetu. Safari ni ya saa chache, mgonjwa ananyoosha miguu na choo kipo. Basi la kutwa nzima kwa mtu anayetapika si la kumfanyia baba. Mionzi ikihitajika, mtakwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya hapo Dar es Salaam, na kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki sita hivi. Wazee na waliodhoofika mara nyingi hupangiwa wiki tatu. Kwa hiyo tafuteni mapema ndugu wa kukaa naye Dar es Salaam. Anayekaa njia ya Kimara ana nafuu, mabasi ya mwendokasi yanafika hadi Kivukoni, na Ocean Road haiko mbali na hapo. Hapo hapo Ocean Road kuna huduma ya tiba shufaa. Ombeni kuonana nao mapema, msingoje siku za mwisho, maana kazi yao ni maumivu, kutapika, usingizi na hofu, na mgonjwa anaweza kuwa nao huku anaendelea na mionzi.

Kurithi: uvimbe wa ubongo kwa watu walio wengi haurithiwi. Kuna koo chache zenye magonjwa ya kurithi yanayouleta, na kwenye hizo kwa kawaida wanakuwa wameugua watu kadhaa, tena vijana. Kichwa chako cha sasa nadhani kina usiku wa kutolala na machozi ndani yake. Lakini kikikuamsha alfajiri kila siku, kikija na kutapika, macho kuona ukungu, mkono kufa ganzi au kuanguka, usikae nacho, nenda ukapimwe kama ambavyo ungemsihi mwingine.

SWALI

Mama Muuguzi, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, tuko Kondoa. Aligongwa na bodaboda, wakampiga CT-Scan ya kichwa wakakuta uvimbe mdogo ambao hauhusiani na ajali. Baada ya kipimo kingine daktari akasema ni meninjioma, si saratani, turudi baada ya miezi sita apigwe picha tena. Hakupewa dawa yoyote. Ndugu wanasema daktari anangoja tutoe kitu kidogo. Tumtafute mwingine?

Kijana wa Kondoa

JIBU

Marahaba. Daktari hajawatelekeza, mwanangu. Meninjioma inaota kwenye utando unaofunika ubongo, haioti ndani ya ubongo wenyewe, na inawapata zaidi wanawake wa umri wa mama. Nyingi hukua taratibu mno, na wapo wanaokufa kwa uzee nazo bila kujua kama walikuwa nazo. Ikiwa ndogo na haimsumbui, kuipiga picha na kuilinganisha ni uamuzi wa kitabibu kabisa, maana kufungua kichwa kuna hatari kuliko kuiacha. Mnachotakiwa ni kuitunza ile filamu na ripoti ya kwanza, mahali pakavu, bila kuikunja, kwa sababu bila hiyo picha ya pili haitakuwa na cha kulinganishwa nacho. Kabla ya miezi sita, mrudisheni mara moja akianguka kifafa, akianza kuona vibaya, akidhoofika upande mmoja au kichwa kikawa cha kila asubuhi. Kuomba daktari wa pili aangalie picha ni haki yenu na hakuna ubaya. Kutoa kitu kidogo, hapana.

SWALI

Shikamoo mama. Nasoma kidato cha nne, bweni, wilaya ya Mpwapwa. Nilipoenda nyumbani likizo nilimkuta mama amenyolewa nywele, ana kovu refu kichwani, anaongea polepole. Shangazi alisema ni jipu. Nimesikia kwa mtoto wa jirani kuwa ni uvimbe wa ubongo. Usiku sisomi, nawaza tu. Naona bora niache shule nikamwangalie mama, mtihani nifanye mwakani.

Binti, Mpwapwa

JIBU

Marahaba binti yangu. Umeandika vizuri na nimefurahi umeniandikia. Walikuficha ili usome, na matokeo yake husomi. Fanya hivi. Kesho mwendee matroni au mwalimu wa darasa umweleze kama ulivyonieleza mimi, umwombe akusaidie kumpigia shangazi simu. Kwenye simu usiulize kama ni kweli, maana atakataa. Mwambie, "Shangazi, najua mama ana uvimbe wa ubongo. Naomba unieleze ukweli kila Jumapili, hata ukiwa mbaya. Nikijua kwamba sifichwi kitu, nitasoma." Shangazi asome na barua hii, nipo upande wako.

Kisha omba kuongea na mama mwenyewe. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo anaweza kuchelewa kupata neno. Usimmalizie sentensi, msubiri. Mweleze mambo madogo ya shuleni, akiitikia tu inatosha.

Mtihani wa Novemba ufanye. Nyumbani yupo shangazi wa kumwogesha mama na kumpa dawa, na kama mzigo umemzidi, watu wazima wa ukoo ndio wanaopaswa kukaa wapange zamu. Hali ya mama ikibadilika, matroni akuruhusu uende siku hiyo hiyo, na hilo mwombe mkuu wa shule mapema, mbele ya mwalimu wako wa darasa, ili simu ikija usianze kutafuta ruhusa.